Makumbusho Yasiyokataza Kugusa

Katika majumba mengi ya makumbusho mgeni hulakiwa na kibao kimwonyacho asiguse kitu. Lakini katika Exploratorium, iliyofunguliwa mwaka 1969 mjini San Francisco, Marekani, na tangu 2013 ipo kwenye gati namba 15 kando ya bahari, mtoto asiyetia mkono ndiye apitwaye na elimu. Mwasisi wake, Frank Oppenheimer, ndugu yake Robert wa bomu la atomiki, alikuwa mwanafizikia ambaye siasa zilimfungia milango ya vyuo vikuu, akafuga ng'ombe huko Colorado, kisha akasomesha skuli. Na kwa rai yangu, hasara ile ya vyuo ikawa faida ya watoto.

Humo mna bomba la maji ya kunywa lililoundwa kwa choo cha kukalia, choo halisi ila hakijapata kutumiwa. Maji ni safi, nayo akili yakiri hivyo. Hata hivyo ukiinama tu koo hujifunga, nafsi ikakataa katakata kile ambacho akili imekwisha kukithibitisha. Aila ikisimama hapo, aghalabu watu wazima ndio wasitao. Mna pia kuba la giza totoro, la tangu 1971, ambamo watu hutambaa wakiongozwa na viganja pekee.

Ewe msomaji, ukijaaliwa kufika huko na wanao, usiwe mwepesi wa kuwaeleza. Waache wajaribu kwanza, na bibi yao naye apewe zamu.