Jua, Baiskeli na Kilima cha Mulago

Ndugu mfanyakazi, asubuhi baiskeli ni rafiki. Ukitoka Mulago saa kumi na mbili kwenda Eneo la Viwanda, unateremka mpaka kwenye mzunguko, unashika barabara ya Yusuf Lule kando ya uwanja wa gofu wa Kitante, na kabla jua halijapanda umeshafika barabara ya Jinja. Taabu iko wakati wa kurudi. Zamu inapokwisha saa nane mchana, mwezi wa Januari au Februari, joto la Kampala linakaribia nyuzi 30, lami inachoma, na nyumbani ni juu kilimani.

Watu hulaumu jua peke yake. Lakini joto jingi linatoka ndani ya mwili wenyewe. Katika nguvu yote inayotumiwa na misuli, yapata robo moja tu ndiyo inayosukuma baiskeli. Iliyobaki inageuka joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho, na jasho halipozi mwili mpaka likauke. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unalikausha. Kwenye kilima unakwenda pole kama mtu wa miguu, upepo hakuna, na misuli inafanya kazi ya kupita kiasi. Ndiyo maana mtu huzidiwa hatua chache tu kabla ya kufika kwake.

Basi dawa ya kwanza ni kushuka. Wako vijana wanaoona haya kusukuma baiskeli mbele za watu. Mbona wachuuzi wa matoke, wenye mikungu mizito kwenye keria, husukuma kila siku na hakuna anayewacheka?

Dawa ya pili ni maji, na yanywewe kabla ya kutoka kiwandani, maana kiu huchelewa kuja. Kwa safari ya nusu saa maji matupu yanatosha. Soda ni anasa. Aliyeshinda mbele ya tanuri, au ndugu yetu wa shambani aliyekata miwa tangu alfajiri, amepoteza na chumvi pia, naye ale chakula chenye chumvi. Lowesha kitambaa ukifunge shingoni. Vaa shati jepesi la pamba, lisilobana, na ovaroli uifunge kwenye keria. Usiwaige madereva wa boda boda wanaovaa makoti juani: pikipiki inawapa upepo ambao wewe huna.

Kichwa kikiuma, ukasikia kizunguzungu au kichefuchefu, simama kivulini. Lakini mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka na mwili wake unawaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe hospitali mara moja. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Sasa tuje kwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka aweke maji safi ya kunywa kwa wafanyakazi. Bomba lililofichwa nyuma ya ghala halimsaidii mtu anayetoka zamu. Kamati za matawi zidai bomba karibu na lango, na kibanda cha baiskeli chenye paa. Ni mambo ya gharama ndogo, na mapatano ya pamoja ndiyo mahali pake.

Tena wengi hawajui kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhesabu aliyeumia njiani, akienda kazini au akirudi moja kwa moja, kuwa ameumia kazini. Ukianguka na baiskeli, toa habari kwa msimamizi na kwa mwakilishi wa chama siku ile ile, na uandike majina ya walioona. Kuthibitisha kwamba njia ilikuwa ya moja kwa moja ni juu yako mfanyakazi. Aliyepitia Wandegeya kupata bia kwanza atakuwa na kazi ya kueleza.