Gari la Moshi Likiingia Mjini, Nani Atampisha Mwenzake?

Huenda mkacheka kusikia kwamba makala haya ya magari ya moshi yanaandikwa Kiwayu, kisiwa cha Wabajuni kilichokaribia mpaka wa Somalia, ambako hakuna motokaa. Mtu huenda kwa miguu mchangani au kwa chombo baharini. Lakini habari za reli huku zinazungumzwa. Tangu Machi 2012, walipokutana Lamu Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi wa bandari, barabara na reli uitwao LAPSSET, watu wa visiwa hivi wamo katika kungoja. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Reli haijatandikwa hadi ninapoandika haya.

Na katika kungoja huko imezuka imani kwamba reli ni dawa ya kila msongamano. Mji ukisongwa na magari, wasema, leteni treni nyepesi ya kupita mjini, na njia zitakuwa nyeupe. Mimi sipingi yote. Ila sisi watu wa pwani treni za mjini tulikwisha kuzionja zamani, na tunalo la kuwaambia wenzetu.

Mombasa, zama za mwanzo za utawala wa Kiingereza, ilikuwa na vigari vya troli. Reli nyembamba ilitandikwa kutoka mji wa kale mpaka Kilindini, na juu yake vikaendeshwa vigari vyenye kiti na kipaa cha kuzuia jua. Injini hakuna, waliovisukuma ni watu, mbio mbio, jasho likiwatiririka. Njia ilikuwa moja, kwenda na kurudi. Vigari viwili vilipokutana uso kwa uso, kimoja kililazimika kuinuliwa kiwekwe kando ili mwenzake apite. Ni cha nani kilichoinuliwa, cha afisa mkubwa au cha karani? Msomaji atakisia mwenyewe.

Unguja wao walipata gari la moshi hasa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu. (Wako wanaodai kuwa jina Bububu limetokana na mlio wa gari hilo. Si kweli. Sayyida Salme binti Said aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, naye aliondoka Unguja 1866, miaka karibu 40 kabla ya reli.) Gari hilo lilipita katika njia finyu za mjini, karibu mno na nyumba za watu, likitoa moshi na cheche. Serikali ililichukua mwaka 1911. Kwa mtu wa shamba lilikuwa na manufaa yake, lakini barabara zilipotengenezwa na mabasi yakazidi, abiria walilihama, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 safari zake za abiria zilikuwa zimekwisha. Basi humshusha mtu karibu na mlango wake. Treni humshusha penye stesheni, akajijua mwenyewe.

Nilimwuliza nahodha mmoja mzee hapa Kiwayu: "Ami, waonaje, reli ikija itatupunguzia taabu?"

Akanitazama. "Mwanangu, jahazi likitia nanga nje, wewe umeshafika?"

"Bado, Ami."

"Basi mashua ya kukuteremsha ni ya nani, na nauli yake ni kiasi gani? Hayo ndiyo ukawaulize hao wakubwa."

Nikakumbuka Miritini. Treni mpya ya Nairobi ilipoanza mwaka 2017, haikuingia kisiwani Mombasa. Ilitia nanga nje. Abiria mamia kwa mamia huteremka kwa mara moja, na wote hutaka matatu, tuktuk au teksi katika njia ile ile, saa ile ile. Msongamano haukuondoka, ulihama. Ndipo ukaja mpango wa kuiunganisha Miritini na stesheni kongwe ya mjini kwa reli nyembamba.

Addis Ababa walifanya kinyume: waliiingiza treni mjini kabisa. Ilianza Septemba 2015, njia mbili zenye jumla ya kilomita 34 hivi, treni 41, kwa fedha na ufundi wa Kichina. Watu wengi waliipanda, tena kwa nauli ndogo. Lakini penye reli iliyolazwa chini, barabara iligawika kama kwa ukuta: mwenye gari akitaka kugeuka huenda mbali kutafuta pa kuvukia, na mwenda kwa miguu vivyo hivyo. Kisha vipuri vikaadimika, na kufikia miaka ya 2020 treni nyingi zilikuwa zimesimama. Reli hubaki palepale imelala, treni ziwepo zisiwepo, na nafasi iliyochukuliwa hairudi.

Walionipendeza ni Dar es Salaam. Oktoba 2012 walitia mabehewa ya abiria juu ya reli iliyokuwapo tangu enzi, kutoka Ubungo mpaka mjini, na watu wakaiita "Treni ya Mwakyembe" kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Haikuwa ya fahari, lakini haikumpokonya mtu mtaa wake.

Sasa turudi kwetu Lamu. Mji ule uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na katika vichochoro vyake punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Treni haitapita humo, na Mungu atuepushe na atakayefikiri hivyo. Itaishia bara. Abiria wa mabasi ya Mombasa leo huteremka Mokowe, wakabeba mizigo yao mpaka gatini na kupanda mashua kuvuka. Mwenye kuja Kiwayu bado ana bahari kubwa mbele yake. Basi wenye ramani watuonyeshe kwanza gati hilo la Mokowe: ngazi zake ni ngapi, vyombo vingapi vitangoja, na ajuza mwenye furushi lake atashikwa mkono na nani siku treni nzima itakapomwaga watu pale.