Redio Kongwe ya Gari na Muziki wa Simu

Magari mengi yapitayo katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya Afrika Mashariki yaliundwa Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, kisha yakavushwa bahari kuja kuanza umri wa pili mikononi mwa watu wengine. Na pamoja na usukani wa kulia, ambao unatufaa sisi kama ulivyowafaa Wajapani, yamekuja na redio iliyotiwa kiwandani, ambayo haikutufaa sawasawa hata siku moja. Redio hiyo aghalabu ina nafasi ya kaseti au ya sidii, na spika zake zimefungwa milangoni kwa ustadi, lakini haina tundu la flashi wala haijui kusemezana na simu, ilhali muziki wote wa mwenye gari, taarabu yake, dansi yake na kaswida zake, umo katika simu. Wenye haraka humwambia fundi aing'oe. Muradi wa makala haya ni kuonyesha ya kuwa mara nyingi redio hiyo haistahiki kung'olewa, kwa sababu haikupungukiwa na sauti bali na mlango wa kuingizia sauti, na mlango huo aghalabu upo, ila umefichika.

Njia ijulikanayo zaidi ni ya kile kidude cha kuchomeka katika tundu la kuwashia sigara, ambacho hupokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kikaurusha kwa mawimbi ya FM, na redio ikaudaka kama idakavyo kituo chochote. Hakihitaji fundi, na bei yake ni ndogo. Lakini wengi walionunua wamekirudisha dukani wakisema ni kibovu, na hali kizima. Katika nchi zetu vituo vya FM hutangaza baina ya megahezi 87.5 na 108, lakini Japani kwa miaka mingi iliviweka vituo vyake baina ya 76 na 90, kwa kuwa nafasi ya 90 hadi 108 ilikuwa imekwisha kukaliwa na idhaa tatu za kwanza za televisheni, nazo hazikuondoka humo mpaka matangazo ya namna ya zamani yalipozimwa, katika sehemu kubwa ya nchi ile, mwezi wa Julai 2011. Kwa hiyo redio ya Kijapani na masafa yetu hukutana mahali pamoja tu, penye upana wa megahezi mbili na nusu, baina ya 87.5 na 90. Na mtu aliyekiweka kidude chake kwenye 101 au 106 atazungusha kitufe cha redio hata achoke, asisikie kitu. Hana budi kukiteremsha mpaka ndani ya ujia ule mwembamba, akatafute humo mahali pasipo na kituo cha mji, na katika mji mkubwa mahali hapo ni adimu.

Wengi wameuepuka ufinyu huo kwa kufunga ekspanda, yaani kisanduku kidogo kikaacho kati ya antena na redio, ambacho kazi yake ni kuyateremsha masafa ya vituo vyetu kwa kiasi maalumu, aghalabu baina ya megahezi 10 na 20, ili yaangukie pale ambapo redio ya Kijapani inasikia. Kituo cha 100 kikiteremshwa kwa 18, husomeka 82. Hapo hisabu ya kidude nayo hubadilika, maana mawimbi yake huingia kwa antena ile ile na kuteremshwa pamoja na mengine. Basi kidude kikiandika 104, redio na itafutwe kwenye 86, na anayengoja namba hizo zilingane atangoja sana.

Hata vikisikilizana, njia hii ndiyo duni kuliko zote. Nguvu ya kidude imewekewa mpaka mdogo na sheria, ambao katika Ulaya ni sehemu 50 tu katika bilioni ya wati moja, hivyo kituo chochote chenye nguvu hukifunika. Na msafiri aliyepata nafasi tupu Morogoro huenda akaikuta imekwisha kukaliwa afikapo Dodoma. Fauka ya hayo, FM huikata sauti nyembamba ipitayo mitetemo 15,000 kwa sekunde. Kwa insafu lazima isemwe ya kuwa kasoro hii ya pili haimdhuru kila msikilizaji: anayependa santuri za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, hapotewi na kitu, kwa kuwa mitambo ya wakati ule haikukikaribia kikomo hicho.

Mwenye redio ya kaseti ana bahati asiyoijua. Kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, husomwa kwa sumaku: kichwa kilichomo ndani ya redio huhisi mabadiliko ya usumaku katika utepe upitao mbele yake. Sasa ipo kaseti ya waya, isiyo na utepe, ambayo mahali pa utepe ina kichwa kingine kidogo kinachotazamana na kile cha redio. Hicho hupokea umeme wa muziki kutoka kwenye simu, kikaugeuza kuwa usumaku, na redio husoma kama kwamba utepe unapita, huku magurudumu ya ndani yakizunguka bure ili mtambo usidhani utepe umekatika ukaitema. Hapana kituo kinachoweza kuingilia. Adui yake ni uchafu tu, na kichwa cha redio kikipanguswa kwa pamba yenye spiriti, sauti hurudi kung'aa. Simu isiyo na tundu la milimita 3.5, kama zilivyo nyingi tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 ilipoliacha, huhitaji kiunganishi chake, au kipokezi kidogo cha Bluetooth.

Tundu la AUX, likiwapo, linashinda yote, nalo huachwa bila kutumiwa kwa kuwa watengenezaji wengine walilificha ndani ya sanduku la kuegemea mkono. Na redio nyingi za sidii zina nyuma yake soketi ya mtambo wa kubadilishia sidii, uliokuwa ukikaa kwenye buti. Lakini asidhani fundi kuwa kuunga nyaya za sauti pekee kutatosha, maana redio haifungui njia hiyo mpaka ipate ishara ya kuwa mtambo upo, na vipo visanduku vya kuitoa ishara hiyo.

Wenye kutumia waya wa AUX hulalamikia mluzi upandao na kushuka kwa kadiri injini inavyokwenda. Hutokea simu inapochajiwa katika tundu la sigara hali waya wa sauti umo redioni, kwa kuwa umeme umepata njia mbili za kurudi kwenye bodi, na uchafu wa alternata hupita katika moja ya hizo. Chomoa chaja: mluzi ukikoma, sababu ni hiyo, na dawa yake ni kichujio chenye transfoma, ambacho hupitisha muziki kwa usumaku bila nyaya kugusana. Kaseti ya waya, kwa umbile lake, huepukana na balaa hili.

Madhali wapo watakaoing'oa redio vivyo hivyo, nawaomba wamkataze fundi kuikata soketi ya kiwandani, kwa kuwa zipo plagi zinazoingia sawasawa katika soketi za Toyota, yenye pini 10 na yenye pini 6, na waya uliokatwa na kufungwa kwa tepu ndio asili ya fyuzi nyingi zinazoungua. Wajue pia ya kuwa baadhi ya redio zenye ramani hujifunga betri ikiondolewa, zikadai kadi au namba iliyobaki Japani. Na kabla ya kulipa wapime nafasi: Toyota nyingi zina upana wa milimita 200, na redio nyingi za madukani zina 180 tu.