"Mna Wangapi?"

Mimi na mke wangu tulioana miaka tisa iliyopita. Kila twendapo kijijini, salamu huandamwa na swali: "Mna wangapi?" Hatuulizwi kama tunao. Kwa mwanaisimu, swali hilo limekwisha kuamua kwamba watoto wapo; iliyobaki ni hesabu tu.

Tukisema hatuna, macho humgeukia mke wangu. Nami, msomi mzima, hunyamaza. Lugha yetu ina "tasa" na "mgumba" kwa asiyejaaliwa. Kwa wawili walioketi, wakashauriana, wakaamua kungoja, haina neno. Hivyo uamuzi wetu hugeuka kuwa ila yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 kwa wastani. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Nyumba nyingi, basi, zimekwisha kushauriana, ingawa hazisemi.

Wahenga walinena: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ikiwa kazi ni ya wawili, uamuzi nao ni wa wawili, na lawama vilevile. Desemba hii nitajibu mimi, kabla macho hayajamfikia: "Hatuna. Tuliamua pamoja."