Mvua, Mzani na Bahati ya Simiyu

Hadithi ya almasi ya Mwadui husimuliwa Bariadi na Maswa kama hadithi ya nyumbani, na si ajabu, kwa sababu hadi mwaka 2012 wilaya hizi za Simiyu zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ambako Mwadui ipo. Wengi huisimulia hivi: mwaka 1940, Mkanada aitwaye John Williamson alisimama karibu na mbuyu, akatazama chini, akaona jiwe linameta. Basi, akatajirika. Mungu akimpa mtu hamwandikii barua.

Simulizi hiyo inaruka sehemu yote ya katikati. Williamson alikuwa mwanajiolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha McGill. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye mgodi wa Mabuki, na alitumia miaka kadhaa kutafuta katika tambarare za Usukuma huku malaria ikimrudia na fedha zikimwishia. Wakili mmoja wa Mwanza, I. C. Chopra, alimkopesha wakati ambapo wengine hawakuona sababu ya kumwamini, na baadaye akawa mbia wake. Mwamba wenye almasi uliokuwa chini ya udongo ule una ukubwa wa hekta 146. Mtu anayetafuta kwa mpango, mwaka baada ya mwaka, mahali penye kitu kikubwa kiasi hicho, amejiweka kwenye njia ya bahati.

Lakini kuna upande wa pili, na ndio unaonigusa zaidi. Wachungaji wa Kisukuma walipitisha ng'ombe juu ya mwamba huohuo kwa vizazi vingi. Macho walikuwa nayo, na uvumilivu wao katika jua lile haukuwa mdogo kuliko wa Williamson. Hawakuwa na elimu ya miamba, leseni, wala wakili wa kuwakopesha. Kwa hiyo tunapomwambia kijana wa Bariadi kwamba bahati hutengenezwa, tuwe tayari kumweleza inatengenezwa kwa vifaa gani na nani anavishika.

Tuanze na sehemu iliyo mikononi mwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu ipo na ni kubwa kuliko wanavyodhani waliokata tamaa. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kuzalisha pamba, na pamba ni zao linalompa mkulima dirisha dogo sana. Mvua za huku huanza kwenye Novemba na kuishia Aprili au Mei, na mara nyingi hukatika katikati, Januari au Februari. Anayepanda kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba ana miche yenye mizizi ya kutosha ukame huo unapofika. Jirani yake aliyepanda Januari, kwa mbegu ileile na udongo uleule, anakutwa na jua miche ikiwa bado michanga, na funza wa vitumba wanafika pamba yake ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Wakati wa mavuno watu watasema mmoja ana mkono wa baraka. Mkono huo ulikuwa umeshaandaa shamba Oktoba, kabla wingu halijaonekana, na haukuwa na uhakika wowote kwamba wingu litakuja.

Nafasi ya mimea ni mfano mwingine. Kwa miaka mingi pamba ilipandwa sentimita 90 kwa 40, kisha Bodi ya Pamba ikahimiza sentimita 60 kwa 30, miche miwili kwa kila shimo. Ukipiga hesabu, ekari iliyokuwa na mimea kama 22,000 inabeba zaidi ya 44,000. Mvua haikuongezeka hata tone. Kilichoongezeka ni idadi ya mimea inayoisubiri. Ni kweli kwamba kupanda hivyo kunadai kamba, mbegu zaidi na palizi ya uangalifu, na mwenye mikono miwili tu nyumbani hawezi kubadilisha ekari tano kwa msimu mmoja. Anaweza kubadilisha moja. Hapo ndipo uvumilivu unapokuwa na maana ninayoiamini: kurudia jambo huku ukilirekebisha kidogo kila msimu. Kurudia kosa lilelile kwa moyo mkuu hakustahili sifa hiyo.

Hata wacheza ngoma wa Usukuma wanalijua hili. Wagika na Wagalu, makundi mawili yanayoshindana baada ya mavuno, hupimwa kwa ukubwa wa umati unaowazunguka uwanjani, na manju wa kila upande hutafuta dawa ya kuvuta watu. Watafiti wengi wamevutiwa na hiyo dawa. Mimi nadhani jambo la kutazama zaidi ni kwamba hakuna manju aliyeitegemea peke yake. Alitunga nyimbo mpya kila mwaka, akafundisha wachezaji wake, akabuni vioja ambavyo mpinzani hakuvitegemea. Dawa ilimpa ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Umati aliutafuta kwa kazi.

Huko Uingereza, mwanasaikolojia Richard Wiseman aliandika kitabu mwaka 2003 kuhusu watu wanaojiona wana bahati na wanaojiona wana mkosi. Katika jaribio lake moja aliwapa watu gazeti wahesabu picha zilizomo. Ndani yake alikuwa ameweka tangazo kwa herufi kubwa lililosema picha ni ngapi, kwa hiyo aliyeliona hakuwa na haja ya kuendelea kuhesabu. Waliojiona wana bahati waliliona tangazo hilo mara nyingi zaidi. Wenzao walikuwa wamekaza macho kwenye kazi waliyopewa. Ni ushahidi mzuri kwamba mtazamo hufungua macho. Ila katika chumba kile kila mtu alikabidhiwa gazeti. Sisi tunapaswa kuuliza swali linalotangulia: je, gazeti limemfikia kila mtu?

Hapa historia ya pamba ya Kanda ya Ziwa inasema zaidi kuliko vitabu vya kujiendeleza. Katika miaka ya 1940 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi binafsi, na mnunuzi ndiye aliyeshika mzani. Mzigo uliobebwa kichwani kutoka kijijini ulipungua ghafla ulipofika kituoni. Mkulima mmoja mmoja angeweza kuamini kwamba ana mkosi, au kwamba mke wake alijaza gunia vibaya. Ilihitaji wakulima wengi kulinganisha habari zao ndipo ikaonekana kwamba mkosi ule ulikuwa umewapata wote, tena mahali pamoja. Wakaanza kudai wapimaji wao wenyewe.

Kutokana na madai hayo akainuka Paul Bomani, kijana aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya Williamson pale Mwadui kabla ya kwenda kufanya kazi na chama cha wafanyabiashara Waafrika Mwanza. Alizunguka vijijini akikusanya wakulima, akaenda Uingereza kusomea ushirika, na mwaka 1955 vyama vya msingi vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kufikia mwishoni mwa muongo ule, shirikisho hilo lilikuwa mnunuzi wa pamba yote ya kanda na likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Kwa mkulima wa Bariadi ambaye hakuwahi kumwona, mabadiliko yalikuwa ya kawaida kabisa: kilo zake zilisomwa jinsi zilivyo. Hakulima zaidi, hakuomba zaidi, wala hakubadili mtazamo. Bahati yake ilitengenezwa na watu waliokaa vikao.

Ushirika huo nao haukubaki salama. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na madeni na ubadhirifu vimewaumiza wanachama mara nyingi tangu hapo. Silisemi hili ili kuukataa ushirika. Nalisema kwa sababu mzani uliokwisha kupatikana unaweza kupotea tena wanachama wasipohudhuria mkutano mkuu wa AMCOS yao, yaani chama chao cha msingi cha ushirika, na kuomba kusomewa hesabu.

Kisha kuna bei, ambayo kijiji hakiwezi kuigusa. Mwaka 2019 bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaporomoka, wanunuzi wakasita, na familia nyingi zikakaa miezi zikisubiri fedha za pamba ambayo zilikuwa zimeshaikabidhi. Mwaka 2022 soko la dunia lilifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2011, na msimu ukafunguliwa kwa shilingi 1,560. Mwaka uliofuata bei ikashuka karibu na shilingi 1,000. Mkulima aliyefanya kila kitu sawasawa mwaka 2019 alipata hasara kwa sababu zilizotokea mbali na shamba lake. Kumwambia kwamba hakuamini vya kutosha ni kumwongezea jeraha.

Anachoweza kufanya ni kuepuka kuweka mwaka mzima kwenye zao moja. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji, na dengu ikipandwa mvua zinapoelekea kuisha hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Choroko nayo hukomaa haraka. Huko Meatu, kampuni ya bioRe yenye makao Mwamishali imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai tangu mwaka 1994. Wakulima hao wanaacha mbolea na dawa za viwandani na kupata nyongeza juu ya bei ya kawaida. Mtu haingii katika kilimo hicho leo na kuvuna nyongeza kesho, maana shamba hupitia miaka ya mpito kwanza. Walioingia mapema walikubali kusubiri, na pia walikuwa na mnunuzi wa kuwasubiria.

Kuna kundi moja ambalo mazungumzo ya bahati hulipita. Wanawake wa Simiyu hupanda, hupalilia na kuchuma pamba, na kuchuma ndiyo kazi inayoamua kama pamba itaingia sokoni safi au chafu. Jina lililoandikwa kwenye daftari la AMCOS mara nyingi ni la mume, na malipo hufuata jina. Mama aliyewahi shamba, akapunguza miche kwa wakati na akachuma pamba safi ana mtazamo, ana bidii na ana uvumilivu. Fursa yake imekwamia kwenye mstari mmoja wa daftari, na kumwandika mwanachama hapo hakuhitaji mvua wala soko la dunia. Kunahitaji hoja ipelekwe kwenye mkutano mkuu ujao, na wanaume wa kutosha wa kuinyooshea mikono.