Wosia Wakati Tungali Hai

Ndugu wapendwa wa Kasongo na Kabambare, leo twafundisha juu ya urithi. Wengi huogopa kuutaja, wakidhani kwamba kuutaja ni kukiita kifo.

Mmeyaona wenyewe. Matanga hayajaisha, na ndugu za marehemu wanahesabu mbuzi, wanachukua baiskeli na cherehani, na mjane anaambiwa arudi kwao. Je, marehemu alitaka hivyo? Hakuna ajuaye, maana hakusema neno.

Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kusahihishwa mwaka 2016, haiuachii ukoo ugawe upendavyo. Mali hukatwa mafungu manne. Matatu ni ya watoto, wa kike sawa na wa kiume, hata aliyezaliwa nje ya ndoa ikiwa baba alimkubali rasmi angali hai. La nne ni la mke au mume aliyebaki, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Ndugu hawana fungu lingine. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja.

Juu ya mabinti wengine hunung'unika. Wasome Kitabu cha Hesabu, sura ya 27: mabinti watano wa Selofehadi, ambaye hakuacha mwana wa kiume, walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, naye Mungu akasema wana haki.

Lakini jambo moja huwaponza wajane wengi. Ndoa iliyofungwa mbele ya padri ni sakramenti kweli, nayo imeandikwa katika kitabu cha parokia. Lakini hakimu huuliza cheti cha serikali. Basi, mume na mke, nendeni pamoja kwenye ofisi ya etasivili mkaandikishe ndoa yenu.

Kisha fanyeni wosia. Ajuaye kuandika auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, atie tarehe na sahihi. Asiyejua aende kwa notari au kwa ofisa wa etasivili. Wosia wa mdomo hukubaliwa tu kifo kikiwa karibu, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, watu wazima. Semeni nani atawalea watoto wadogo, na michikichi ipi ni ya nani. Andikeni na madeni pia, hata gunia la mpunga mlilokopa kwa jirani, ili mjane asidaiwe mawili.