Hitilafu Ishikwe Wapi?

Wasomaji wengine wauliza chama chetu cha kompyuta chafanya nini jioni zote zile. Twapima mvua. Programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, hupeleka vipimo kwenye kompyuta nyingine kwa intaneti. Kazi ya kupeleka hatukuitunga. Twatumia maktaba iitwayo requests, yaani programu tayari ya watu wengine. Mtandao ukikatika, maktaba hiyo hutupa hitilafu, na isipodakwa programu yote husimama.

Mimi niliidaka palepale, nikaandika pass, yaani "pita tu". Programu haikusimama tena, nami nikajisifu. Kumbe mtandao ulipokatika wakati wa masika, vipimo vya siku tatu vilipotea kimya. Na mvua ya Uluguru ndiyo iujazayo mto Ngerengere na bwawa la Mindu, ambalo maji yake twayanywa hapa mjini!

Sasa sehemu ipelekayo, ambayo peke yake yaijua requests, hudaka ConnectionError na Timeout, ikazigeuza kuwa hitilafu yetu wenyewe, "Haikufika", kisha ikaiachia ipande. Juu, penye daftari la vipimo, ndipo penye uwezo wa kuamua: kipimo huwekwa akiba, kikapelekwa tena baada ya saa moja. Tukibadili maktaba kesho, daftari halitaguswa.

Lakini nikisahau kuandika https mwanzoni mwa anwani, hitilafu yake siidaki. Hilo ni kosa langu, na kungoja saa moja hakulitibu. Programu na isimame nilione.